Mwimbaji Amefariki, Bendi Inaendelea: Mwongozo Kamili kwa Bendi za Rege

Bendi ya rege haifi siku ya mazishi. Hufa miezi michache baadaye, pale mwimbaji mpya anapokaukiwa sauti kwenye wimbo wa pili, mjane anapopiga simu kuuliza nani aliruhusu picha ya mumewe iwekwe kwenye bango, na mpiga besi anapogundua kuwa ukurasa wa bendi haufunguki kwa sababu neno la siri lilikuwa kichwani mwa marehemu.

Kosa linalorudiwa ni la mpangilio. Watu huanza kwa kutafuta sauti, ambayo hapa ni hatua ya tano. Fuateni hatua kama zilivyopangwa, maana kila moja inaegemea iliyotangulia.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari gumu moja la vikao, na katibu mmoja. Makubaliano ya kwenye WhatsApp hupotea simu ikiibiwa.
- Diski mbili za nje, kila moja ya terabaiti 1 au zaidi.
- Laini ya simu ya marehemu, ikiwa bado hai.
- Mikataba yote: maonyesho yaliyokwisha kulipiwa malipo ya awali, studio, wasambazaji wa muziki mtandaoni.
- Rekodi mbili au tatu za maonyesho yake ya mwisho. Hata za simu zinatosha. Mtazihitaji kuliko albamu, na sababu iko kwenye hatua ya nne.
- Orodha ya nyimbo mnazopiga jukwaani, kila wimbo na safu tano: jina, aliyetunga maneno, aliyetunga muziki, kii (ngazi ya sauti ya wimbo), kasi.
- Kipima mapigo. Programu ya bure ya simu inafaa.
- Fedha za mazoezi 12 bila mapato: ukumbi, nauli, chai. Kama hamna, changeni kabla ya kuanza, msikope kwa promota. Anayewakopesha fedha za mazoezi ndiye atakayewapangia tarehe ya kurudi jukwaani.

## Hatua ya 1: Ngojeni arobaini, ila kazi tatu hazingoji

Kwa bendi nyingi za kwetu, kupanda jukwaani kabla ya arobaini bila baraka za familia ni kununua ugomvi. Ipo mifano ya kinyume. Joseph Hill, mwimbaji wa kundi la rege la Culture la Jamaika, alifariki Berlin tarehe 19 Agosti 2006, katikati ya ziara. Mwanawe Kenyatta, aliyekuwa fundi mitambo wa bendi, alishika maiki na kumaliza tarehe zilizobaki. Lakini tazameni nani aliamua: mtoto mwenyewe. Kama hamna mtu wa damu anayesema "endeleeni", tulieni.

Jambo la pembeni: baadhi ya Marasta hawahudhurii maziko kwa misingi ya imani yao. Mpiga tumba asipoonekana makaburini, msianze kumhesabia dharau. Ugomvi wa aina hiyo umewahi kuvunja vikundi kabla hata hatua ya pili haijafika.

Hizi ndizo kazi tatu zisizongoja.

Laini ya simu. Iombeni familia iiache hai, iwekewe salio na iwashwe mara kwa mara. Laini isiyotumika hufungwa na kampuni, kisha huuzwa kwa mtu mwingine. Namba za uthibitisho za barua pepe, YouTube na msambazaji wa muziki zote zinakuja kwenye laini hiyo. Ikishaondoka, mnaanza kuandikiana barua na kampuni zilizo ng'ambo, na majibu huchukua miezi. Laini ni ya familia, kwa hiyo ikae kwao. Ninyi ombeni tu msaada wa kupokea namba. Fedha zilizomo kwenye akaunti ya simu msiziguse hata kama ni malipo ya awali ya bendi. Kisheria hizo sasa ni sehemu ya mirathi, na mtazidai kwa msimamizi.

Kurasa za mitandao. Hapa watu wema huharibu mambo kwa nia njema. Rafiki anaiarifu Facebook kwamba mwenye akaunti amefariki, akaunti inageuzwa ya kumbukumbu, na kuanzia hapo hakuna anayeweza kuingia, hata mwenye neno la siri. Kama marehemu alikuwa msimamizi pekee wa ukurasa wa bendi, ukurasa wenyewe huondolewa pamoja na wafuasi wote. Kwanza ongezeni wasimamizi wawili wa bendi, mhakikishe wanaweza kuchapisha, ndipo familia iombe akaunti yake binafsi igeuzwe.

Rekodi. Nendeni studio kila alikowahi kuimba na mwombe mafaili ya nyimbo yakiwa yametenganishwa: sauti peke yake, besi peke yake, ngoma peke yake. Nakilini kwenye diski mbili, na zikae nyumba mbili tofauti. Studio hufuta kazi za zamani ili kupata nafasi, na hawana sababu ya kuwangoja.

Mmefaulu kama: wanabendi wawili wanaweza kufungua kila akaunti, na faili lile lile linacheza kutoka diski zote mbili.

## Hatua ya 2: Kaeni na msimamizi wa mirathi

Msikae na "familia" kwa ujumla wake. Kaeni na mtu ambaye mahakama imemteua kuwa msimamizi wa mirathi. Kaka mkubwa anaweza kuwapa baraka leo, kisha mjane akateuliwa mwezi ujao na kuwaambia hakuna aliyemuuliza. Kama uteuzi bado, pateni maandishi ya muda yenye sahihi za mjane au mgane, watoto wakubwa na ndugu mmoja wa marehemu, mkiandika wazi kuwa msimamizi atayathibitisha.

Kuna mambo manne ya kutenganisha, maana watu huyachanganya kila mara.

*Utunzi.* Maneno na tuni alizotunga ni mali ya warithi wake. Tanzania na Kenya haki hiyo inadumu miaka 50 baada ya kifo. Hailingani kila nchi: Uingereza ni miaka 70, Jamaika ni 95 tangu mabadiliko ya mwaka 2015. Mirabaha ya utunzi iende kwa warithi moja kwa moja, isipitie mfuko wa bendi hata siku moja.

*Kupiga nyimbo jukwaani.* Kwa kawaida leseni hulipwa na ukumbi au promota kupitia taasisi ya kukusanya mirabaha. Kuurekodi upya wimbo wake ni jambo jingine. Hapo mnahitaji kibali, na kwa hilo ziulizeni ofisi za hakimiliki: COSOTA mkiwa Tanzania au KECOBO mkiwa Kenya.

*Sura na sauti yake.* Bango, fulana, video ya nyuma ya jukwaa, sauti yake iliyorekodiwa: kila kimoja kitajwe kwa jina kwenye makubaliano. "Kutumia kumbukumbu yake" ni maneno matamu yasiyo na mipaka.

*Mgao wa maonyesho.* Hapa ni mapatano tu. Mfumo huu wa hesabu unaeleweka hata kwa asiyependa hesabu. Tuseme onyesho limelipa shilingi 3,000,000. Ondoeni gharama kwanza, usafiri, fundi mitambo na chakula, tuseme 900,000. Zinabaki 2,100,000. Familia asilimia 10, yaani 210,000. Mfuko wa bendi asilimia 15, yaani 315,000. Zinazobaki 1,575,000 wagawane wanamuziki saba, kila mmoja 225,000. Asilimia zenyewe mtaongea, ila kanuni ya kutoa gharama kabla ya kugawa msiiachie. Ukimwahidi mjane asilimia ya fedha yote, siku basi likiharibika njiani bendi italipa kwa kupiga bure.

Andikeni pia ukomo, kwa mfano miaka mitatu kisha mkae tena. Ahadi ya "milele" hutolewa na watu wenye machozi, na haitekelezeki.

Onyo kwa mpiga besi na mpiga ngoma. Kwenye rege laini ya besi ndiyo nusu ya wimbo, na mara nyingi aliyeibuni hakuandikwa popote. Kama mna madai ya utunzi, yaandikeni sasa, kwa adabu, wimbo kwa wimbo, na msisaini chochote cha "kumaliza madai yote" bila mwanasheria. Aston Barrett, mpiga besi wa The Wailers, bendi ya Bob Marley, alipeleka madai ya mirabaha Mahakama Kuu ya London mwaka 2006, kwa niaba yake na ya marehemu ndugu yake Carlton aliyepiga ngoma. Alishindwa, na kikwazo kikubwa kilikuwa mapatano aliyoyasaini mwaka 1994. Mtu aliyeshika besi ya nyimbo zinazoimbwa dunia nzima alifungiwa mlango na karatasi yenye sahihi yake mwenyewe.

Mmefaulu kama: mna karatasi mbili au tatu zenye sahihi, kila upande nakala, na mtoto wa darasa la saba akizisoma anaelewa nani anapata nini.

## Hatua ya 3: Jina

Jina lisajiliwe kama alama ya biashara kabla ya tangazo lolote la kurudi. Ofisi za usajili ni BRELA kwa Tanzania Bara, BPRA kwa Zanzibar na KIPI kwa Kenya. Usajili wa Bara haulindi Zanzibar, na bendi nyingi za Dar huligundua hilo zikiwa tayari zimebandika mabango Unguja. Ombeni daraja la 41, ambalo ni la burudani. Mkiwa na fedha ongezeni la 9 kwa rekodi na la 25 kwa nguo. Alama ya biashara Tanzania Bara inadumu miaka 7 kwanza, kisha inahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Kenya ni miaka 10 tangu mwanzo.

Nani awe mmiliki? Ushauri wetu ni bendi yenyewe, ikiwa imesajiliwa kama kampuni au kikundi, huku familia ikiwa na kiti kimoja. Jina likikaa kwa mtu mmoja, siku atakayoondoka ataondoka nalo.

Kama jina la bendi limebeba jina la marehemu, kwa mfano "Fulani na Kundi Lake", msilichukue bila ruhusa ya msimamizi, na hata mkipewa fikirieni kulirekebisha. Mfano uliotimia ni Sublime, bendi ya California. Mwimbaji wao Bradley Nowell alifariki Mei 1996. Wenzake wawili walipoanza kupiga na mwimbaji Rome Ramirez mwaka 2009 kwa jina la zamani, familia ilikwenda mahakamani, mahakama ikawazuia kulitumia, na mwishowe wakajiita Sublime with Rome. Jina tupu lilirudi jukwaani pale Jakob, mtoto wa marehemu, aliposhika maiki. Mwaka 2024 walipiga kwenye tamasha la Coachella.

Mmefaulu kama: mna namba ya maombi kutoka ofisi ya usajili. Cheti kitachelewa, namba inatosha kuendelea.

## Hatua ya 4: Orodhesheni kazi zake zisizosikika

Hatua hii bendi nyingi hazijui kama ipo.

Mwimbaji wa rege haimbi tu. Ndiye anayeinua ngumi na besi ikakaa kimya, ngoma zikabaki zenyewe, kinanda kikarudi polepole. Ndiye anayegeuza kiganja chini, bendi ikashuka sauti azungumze na watu. Anajua wimbo uishie wapi, maana nyimbo za rege jukwaani hazina mwisho, zina mtu anayeamua sasa basi. Albamu haina hata moja ya ishara hizo. Ndiyo maana mlihitaji rekodi za maonyesho.

Kaeni wote mbele ya skrini moja, zimeni simu, na mtazame onyesho zima mara mbili. Mara ya kwanza tazameni mikono yake, mabega na mguu. Mara ya pili zibeni picha msikilize tu, kila mmoja akiandika sekunde ambayo chombo chake kilibadilika. Kisha linganisheni. Mtakuta mabadiliko mengi mliyodhani ni ya "hisia" yalikuwa amri zake: alipiga kisigino mara mbili, mpiga ngoma akajaza, bendi nzima ikasimama.

Jazeni daftari safu tatu: ishara, inachomaanisha, nani ataibeba sasa. Kazi hizo msimpe mwimbaji mpya. Ana maneno ya nyimbo 14 ya kukumbuka na macho ya watu juu yake. Mpeni mpiga kinanda au mpiga gitaa la kukata (lile la mapigo mafupi ya rege), mtu anayeonekana na mpiga ngoma bila kugeuza shingo. Huyo ndiye kiongozi wa jukwaa kwa mwaka mzima wa kwanza, na uamuzi wake wa jukwaani haujadiliwi hadi mmeshuka.

Papo hapo pimeni kasi. Msinakili kasi ya albamu. Wimbo uliorekodiwa kwa mapigo 70 kwa dakika unaweza kuwa mlikuwa mkiupiga kwa 75 jukwaani, na yeye alikuwa akivuta pumzi kwa 75. Andikeni zote mbili, mtazihitaji kwenye kuchagua kii.

Mmefaulu kama: bendi inaweza kupiga nyimbo tano bila mwimbaji, kuanzia kuhesabu hadi kumaliza, na kila mapumziko ya besi yanaangukia mahali pamoja mara tatu mfululizo.

## Hatua ya 5: Sauti

Milango ni mitatu.

Mtoto au ndugu wa marehemu analeta uhalali, na mara nyingine analeta sauti inayofanana mno. Hatari yake ni kwamba hamtaweza kumfukuza. Mpeni kipindi cha majaribio cha miezi sita kama mtu mwingine yeyote, na kiandikwe.

Mwitikiaji wenu anajua nyimbo zote na anawapunguzia mwezi wa mazoezi. Ila akisogea mbele mnapoteza sauti ya tatu ya kiitikio, na rege ya waitikiaji watatu ikibaki na wawili husikika kama nyumba iliyong'olewa mlango. Kwa hiyo kumpandisha mwitikiaji ni kuajiri watu wawili, wala hakupunguzi gharama kama mnavyodhani.

Mtu wa nje ni kazi ndefu zaidi, lakini wapo waliofaulu. Bunny Rugs, mwimbaji wa bendi ya Third World, alifariki Februari 2014, AJ Brown akachukua nafasi, na albamu yao ya 2019 ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Kwenye majaribio, kila mtu aimbe nyimbo tatu: mmoja wa polepole unaofichua pumzi, mmoja wenye waitikiaji unaofichua kama anasikiliza wenzake, na mmoja wake mwenyewe. Wa tatu ndio unaowaambia kama ana la kusema. Kisha mwambieni aimbe dakika 40 bila kukaa, ndipo arudie ule wa kwanza. Wengi wanaanguka hapo.

Anayemwigiza marehemu vizuri kabisa, hadi kikohozi, mwacheni. Mashabiki hupiga kelele onyesho la kwanza na kulinganisha onyesho la tatu.

## Hatua ya 6: Kii, besi na vyombo vya kupuliza

Hapa ndipo bendi zinapovunjika kiufundi. Mwimbaji mpya analazimishwa kwenye kii ya marehemu "ili wimbo usibadilike", anapiga kelele badala ya kuimba, na baada ya maonyesho manne koo limekwisha.

Tafuteni noti ya juu kabisa ya kila wimbo. Mwimbaji aimbe kiitikio mara tatu mfululizo, amesimama, kwa sauti ya jukwaani, baada ya kuwa ameimba angalau nusu saa. Kama mara ya tatu noti ile inabanwa, shusheni nusu toni moja na mjaribu tena. Mkisimama mahali anapoifikia bila kuinua kidevu, hiyo ndiyo kii.

Tatizo linalofuata ni la besi. Chukueni wimbo wa A mainari mlioushusha nusu toni mbili hadi G mainari. Laini ya besi iliyokuwa ikishuka hadi E ya chini kabisa sasa inadai D, na besi ya nyuzi nne haina D hiyo. Mpiga besi akiipandisha noti hiyo oktavu moja, laini inapinda juu pale ilipopaswa kukaa chini, na wimbo unapoteza uzito ingawa hakuna msikilizaji atakayeweza kusema kilichopotea ni nini. Dawa ni tatu:

1. Besi ya nyuzi tano. D hiyo iko kwenye uzi wa B, kizuizi (kile chuma cha kwenye shingo ya besi) cha tatu. Ni dawa safi kuliko zote.
2. Kulegeza uzi wa E hadi D. Ni bure, ila nyimbo zote za uzi huo zipangwe pamoja kwenye onyesho. Mpiga besi asiwe anakaza na kulegeza kati ya kila wimbo huku mwimbaji mgeni akitafuta maneno ya kujaza kimya.
3. Kushusha nusu toni moja tu badala ya mbili, na kupunguza kasi mapigo mawili ili mwimbaji apate pumzi. Mara nyingi shida inayoitwa kii ni shida ya pumzi.

Mwimbaji akiwa mwanamke anayerithi nyimbo za mwanamume, mara nyingi mtapandisha nusu toni nne au tano. A mainari ikipanda tano inakuwa D mainari. Besi isipande mkono juu ya shingo ya gitaa: mzizi uliokuwa kizuizi cha tano cha uzi wa E uhamie kizuizi cha tano cha uzi wa A, na umbo la vidole linabaki lile lile.

Wapulizaji wapeni karatasi mpya, msiwaambie "shusheni kidogo". Wimbo ukiwa G mainari, tarumbeta na saksafoni ya tena zinasoma A mainari, saksafoni ya alto inasoma E mainari. Msipowaandikia watakisia, na makosa ya vyombo vya kupuliza husikika hadi kwa wauza mishikaki nje ya geti.

Mpiga kinanda ana kishawishi chake, kile kitufe cha kuhamisha kii. Anakibonyeza kwa wimbo wa tatu, anasahau kukirudisha, na wimbo wa nne unaanza bendi nzima ikiwa kii moja na kinanda kii nyingine. Marufuku. Ajifunze nyimbo kwenye kii zake mpya, na ule mkono wa kububujika, wa mapigo mafupi ya kinanda cha rege, usikauke.

Mwisho, fundi mitambo. Eko ya sauti ilipangwa kwa kasi na koo la marehemu. Gawanyeni 60,000 kwa kasi ya wimbo mpate milisekunde za pigo moja. Kwa mapigo 72 ni 833, nusu yake ni 417. Eko isiyolingana na ngoma humchanganya mwimbaji mpya kwenye monita, akadhani kosa ni lake.

Mmefaulu kama: mwimbaji anamaliza nyimbo zote na kesho yake asubuhi anaongea kawaida.

## Hatua ya 7: Mazoezi 12

Manne ya kwanza bila mwimbaji kabisa: besi, ngoma, kinanda, gitaa, kwenye kii mpya. Kiki (ngoma ya mguu) na snea (ngoma ndogo kali) zikutane kwenye pigo la tatu pasipo kukimbia. Wanamuziki wenye majonzi huharakisha, kwa hiyo kipima mapigo kiwe wazi. Mwimbaji aingie la tano hadi la nane. La tisa na la kumi ni waitikiaji na wapulizaji. Mawili ya mwisho ni onyesho kamili, mmesimama, bila kusimamisha wimbo hata mtu akikosea.

## Hatua ya 8: Onyesho la kwanza

Ukumbi wa watu 150 hadi 300, dakika 45, siku ambayo hakuna bendi kubwa nyuma yenu. Tamasha lisubiri.

Tumieni desturi ya rege yenyewe kuwabeba. Bendi huanza na muziki mtupu, kisha mwitikiaji anaimba wimbo mmoja, ndipo mwimbaji mkuu anaingia. Fanyeni hivyo hivyo. Mwimbaji mpya anakuta watu wameshaanza kutikisika, na wimbo wake wa kwanza usiwe ule mkubwa kuliko wote. Huo uwe wa sita kati ya nane.

Marehemu atajwe mara moja, na mwanabendi wa zamani, kabla ya wimbo wa tano, kwa sentensi mbili. Mwimbaji mpya asiombe radhi wala asiseme "siwezi kuvaa viatu vyake". Maiki tupu katikati ya jukwaa onyesho zima ni kumfukuza aliye hai.

Mnataka kucheza sauti yake iliyorekodiwa? Wimbo mmoja tu, kwa ruhusa iliyoandikwa hatua ya pili. Sauti hiyo haiwafuati: kii ni ile ya zamani, kasi ni ile ya studio. Mpiga ngoma lazima avae vipokea sauti na asikie mlio wa kuhesabu, na bendi ipige kwenye kii ya rekodi. Jaribuni mara kumi kabla. Mkipishana nusu pigo mbele ya mama yake aliyekaa mstari wa mbele, hakuna namna ya kulirekebisha.

Malipo ya familia yatumwe kesho yake kabla ya saa sita mchana, pamoja na picha ya hesabu yote.

## Hatua ya 9: Nyimbo mpya

Baada ya miezi sita, nyimbo mbili kati ya kila kumi ziwe mpya, za mwimbaji huyu, kwenye kii yake. Bendi ya Inner Circle ilimpoteza mwimbaji wake Jacob Miller kwenye ajali ya gari Kingston, Machi 1980, na bendi ikasimama. Walirudi mwaka 1986 na Carlton Coffie, na kilichowafikisha Ulaya na Marekani miaka ya 1990 ni nyimbo walizoimba naye yeye.

Anzeni na mbili, si albamu. Rekodini besi na ngoma pamoja chumba kimoja kama mnavyopiga jukwaani, sauti iwekwe baadaye. Na kabla mtu yeyote hajatoka studio, jazeni ile safu ya daftari: nani katunga maneno, nani katunga tuni, nani kabuni laini ya besi, asilimia ngapi kwa kila mmoja, sahihi za wote chini, na tarehe.